Mkebe wa Tano

Watu wengi wa Malaba wamewahi kupewa mawaidha na Mzee wa Mikebe, na simjui hata mmoja aliyeyaomba. Unapita zako na hasira zako, umegombana na mke au na mtu wa forodha, mara unasikia sauti kutoka chini ya lori: "Wewe! Mwizi gani ameingia kwako leo?" Kabla hujajibu ameshajivuta nje, amelala chali juu ya ubao wake wa magurudumu, kilemba cha samawati kimejaa vumbi, ndevu zimefungwa kwa wavu zisinaswe na mkanda wa feni, na somo limeanza.

Alikuwa Kalasinga mwenye gereji ya malori kando ya barabara kuu, pale foleni ya matrela ya kwenda Uganda husimama hata siku mbili. Mimi ni mshauri nasaha. Kliniki yetu ya madereva inapakana na gereji hiyo, ukuta wa mabati tu katikati, kwa hiyo kwa miaka tisa nilisikia mawaidha yake yote bure, na yeye, kwa bahati mbaya, akasikia yangu. Yangu nilikuwa nimeyasomea. Nina stashahada ya saikolojia, nimeitia fremu, iko ukutani juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Yake aliyarithi kwenye dini yake akayapaka grisi.

Mikebe yenyewe ilikuwa mitano, ile ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili, imepangwa kwenye rafu juu ya meza ya kazi. Kila mkebe ulikuwa na mwizi wake. Kwa mafundisho ya Makalasinga, alinieleza siku tuliyofahamiana, ndani ya kila mtu wanaishi wezi watano: tamaa ya mwili, hasira, uroho, kung'ang'ania watu na vitu, na kiburi. Hawavunji mlango kuingia. Wamezaliwa humo humo, wanakula chakula chako na wanakuibia ukiwa macho. Basi kila mwizi alipomtembelea, mzee aliokota nati kuukuu sakafuni akaitia kwenye mkebe unaohusika. Jumamosi alimwaga kila mkebe mezani, akaangalia nani amezidi wiki hiyo, akasikitika, akaanza upya.

Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka kicheko cha kitaalamu, kile cha kufumba mdomo na kuandika kitu kwenye daftari. Halafu nikarudi ofisini, nikatoa kwenye droo ya pili Fomu ya Kujifuatilia tunayowapa wateja. Andika kila unapokasirika. Andika kilichokuchokoza. Andika ukubwa wa hasira, kutoka sifuri hadi kumi. Kurasa nne, nakala mbili. Nikaitazama kwa muda. Tofauti kubwa niliyoiona ni kwamba mikebe haikuhitaji semina ya siku tatu katika hoteli ya Busia pamoja na chai ya saa nne.

Mkebe wa hasira ndio uliokuwa ukijaa upesi. Mzee alikuwa na mkono mwepesi wa kurusha spana. Bolti ikikwama, spana inaruka. Simu ikikatika, spana inaruka. Lakini kwa miaka yote ile haikumpata mtu, kwa sababu ilirushwa mahali pamoja tu, kwenye pipa la mafuta machafu pembeni, na pipa hilo lilikuwa limebonyea upande mmoja kama shavu la mtu asiye na magego. Akisharusha, anakwenda kuiokota, anaipangusa, anatia nati mkebeni, ananong'ona jina la Mungu wake mara kadhaa, anarudi chini ya lori.

"Mzee, wewe unafundisha watu kutawala hasira, na leo umerusha hiyo kitu mara tatu," nilimwambia.

"Imepiga nani?"

"Hakuna."

"Basi, Daktari ya kichwa, hiyo hasira imetawaliwa ama haijatawaliwa?"

Nilimweleza kwamba siku hizi sisi wataalamu hatushauri mtu arushe vitu ili apoe, maana anaizoesha mikono yake ugomvi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa, akaniambia hilo ni jambo la maana sana na nilifikishe kwa pipa.

Asije mtu akadhani Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekwa. Vijana wa stendi walipenda kumwigiza wakisema "iko, iko", lakini yeye alizaliwa huku huku, na Kiteso, lugha ya wenyeji wa hapa, alikisema vizuri kuliko mimi niliyekulia Busia mjini nikijifanya sijui lugha ya mtu yeyote. Akinamama waliokuja kutoka Kocholia na mihogo yao walisalimiwa "Yoga noi" mpaka wakasahau kupandisha bei. Huo nao ni uroho, nilimwambia. Akafikiri, akatia nati kwenye mkebe wa tatu, na mihogo akaondoka nayo.

Tulibishana zaidi juu ya mkebe wa kwanza. Mimi nilidhani mzee wa umri ule, mjane, asiyekunywa na asiyekula nyama, mkebe wake wa tamaa ungekuwa na utando wa buibui. Kumbe kila Alhamisi ulipata nati mbili tatu. Alhamisi ndiyo siku ambayo samaki wa Osieko, kule ziwani, hufika sokoni kwetu, na mama mmoja alikuwa na karai lake la kukaangia hatua chache kutoka gerejini. Mzee alikuwa ameapa kutokula kitu chenye damu. Harufu ikianza kupanda, anafunga dirisha. Dakika tano baadaye analifungua, aone kama harufu bado ipo.

"Kwani usihamie mahali hakuna samaki?" nilimuuliza.

"Mtu anakimbia kwenda msituni aepuke wezi, na wezi amewabeba kwa mgongo," alisema. "Sisi hatuambiwi tukimbie. Tunaambiwa tuoe, tufanye kazi, tule jasho yetu, tukae hapa hapa kwa samaki. Mwizi humuui. Unamjua kwa jina, unamwambia nimekuona."

Sasa hapo aliniudhi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa darasani, kwa maneno marefu zaidi na kwa karo. Ukimwambia mtu asifikirie jambo, atalala nalo. Mwambie alitaje, alitazame linavyopanda na linavyoshuka. Nilitumia mwaka mzima kujifunza hivyo, na hapa mtu ameyapata kwa karai la samaki.

Nisije nikampamba, lakini. Njia zake zilishindwa mara nyingi kama zangu. Palikuwa na dereva wa trela kutoka Pwani aliyekuwa na mpenzi kila kituo kuanzia Mariakani mpaka Kampala, na alikuja kwangu akilia kwamba hajui kinachomsukuma. Nikampa fomu. Akaijaza kwa bidii na kwa majina kamili, ikabidi niifungie kabatini. Mzee, aliyekuwa amesikia yote kupitia mabati, alimchukua Jumapili akamweka kumenya vitunguu kilo ishirini. "Ukihudumia watu, mwizi anakosa mtu wa kuongea naye," alimwambia. Dereva alimenya, akalia kwa sababu tofauti, akala, akashukuru, na jioni hiyo akaonekana anamsindikiza binti wa duka la dawa. Mimi na mzee hatukuzungumzia kisa hicho tena.

Hizo Jumapili ndizo zilizompa sifa. Alikuwa na desturi, ambayo wenzake huifanya katika mahekalu yao, ya kulisha mtu yeyote anayekuja. Malaba hapana hekalu, basi alifagia gereji, akatandika mikeka, akapika dengu na chapati kwa sufuria kubwa. Sharti lilikuwa uvue viatu, ufunike kichwa, ukae chini kwa mstari na mwenzako, awe tajiri wa malori au mbeba magunia. Wanaume walifunika vichwa kwa leso, kwa taulo, na mmoja wa bodaboda alikula dengu akiwa ndani ya helmeti. Mwanzoni watu walidhani mzee anataka ubunge. Walikula majuma matatu wakisubiri atangaze kiti, na hakutangaza. Wengine wakaudhika wakasema wamepotezewa wakati.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepakua, akipita na ndoo ya dengu ameinama, anamuuliza kila mtu kama ameshiba. Ilikuwa picha nzuri ya unyenyekevu, na mzee alijua ni picha nzuri. Ukimsifu alisema, "Si mimi, ni Mungu," halafu anasubiri umsifu tena.

Ugomvi wetu mkubwa ulitokana na bango. Wakubwa wangu walituletea bango la rangi, mwanamke ameinua mikono juu, chini yake maneno makubwa: MIMI NI MUHIMU. Nikalibandika mlangoni. Mzee akaja, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka akaomba kiti.

"Mgonjwa anakuja na ugonjwa ya mimi, mimi, mimi," alisema, "na wewe unamuongezea dozi!"

Nilimweleza taratibu kwamba mtu aliyedharauliwa maisha yake yote hawezi kujitawala kabla hajajithamini. Nina mifano. Nina madereva waliopigwa na baba zao mpaka leo wanaomba radhi wakikanyagwa. Akakubali kwamba hao wapewe bango. "Lakini wewe unatibu mwizi mmoja mmoja," akasema. "Leo hasira, kesho tamaa. Nani ameandikisha nyumba? Huyo 'mimi.' Wote wanne ni wapangaji wake." Nikamwambia kama mwenye nyumba ndiye mkosaji, mbona mkebe wa tano hauna kitu?

Maana haukuwa na kitu. Mkebe wa kiburi ulikuwa mtupu na unang'aa ndani. Nimekutana na watu wengi wenye majivuno katika kazi hii, lakini yeye peke yake ndiye niliyemwona ameweka ushahidi kwenye rafu.

"Huyo nilimshinda zamani," alinijibu, bila hata kupepesa.

Nimpe na haki yake. Katika chumba cha nyuma cha gereji kulikuwa na cherehani ya marehemu mkewe. Hakuna aliyeshona kwayo tena, lakini kila Jumamosi mzee aliitia mafuta matone mawili, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza, akaifunika kitambaa. Nilimuuliza kama hiyo si ya mkebe wa nne, wa kung'ang'ania. Alisawazisha kwanza kitambaa juu ya cherehani. "Huyu si mwizi," alisema mwishowe. "Huyu ni mgeni." Nilijua kitabu changu kingesema nini kuhusu majonzi ya miaka kumi na nne. Sikusema. Nilimpenda mzee huyo, na mahali pa kulisema hilo ni hapa.

Sasa Okiru. Okiru alikuwa fundi mkuu wa gereji, Mteso wa hapa hapa, mtu mrefu mwenye maneno machache, amefanya kazi na mzee tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mzee alimwita ndugu. Alikuwa na kanuni moja aliyomfundisha Okiru, na Okiru akawafundisha mafundi wengine, mpaka ikawa kama amri ya pale: nati ikibaki, fungua. Yaani ukimaliza kufunga mashine na ukakuta nati moja imebaki mkononi, hujamaliza. Usiulize, usikisie. Fungua yote, uanze tena.

Miaka mitano iliyopita lori la saruji lilitengenezwa breki pale gerejini. Siku mbili baadaye, likiwa kwenye foleni, breki ya nyuma ikaachia. Lori likarudi kinyumenyume, likasagasaga kibanda cha mayai na kubana gari la nyuma. Hakufa mtu, lakini dereva wa hilo gari la nyuma alivunjika mkono, na mama wa mayai, aliyekuwa ameinuka dakika ile kwenda kuomba chenji, hakuongea mpaka jioni. Madereva wakaja gerejini kwa kundi. Nilitoka kliniki kusimama nao. Wakauliza nani alifunga breki ile.

Mzee akanyosha kidole. "Okiru."

Okiru alikuwa ameshika tambara la kupangusia mikono. "Mzee," alisema, "ni mimi nilifunga?"

"Ni wewe."

Hakuuliza mara ya pili. Alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya meza chini ya ile mikebe, akaondoka na fulana. Mahali kama Malaba fundi ana kitu kimoja tu, nacho ni jina lake midomoni mwa madereva. Wiki ile ile hadithi ilikuwa imepita Tororo upande mmoja na Bungoma upande wa pili: Okiru huua watu. Baadaye alifungua kibanda cha kuziba pancha ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na gereji, pampu moja na karai la maji. Tairi watu walimwachia. Breki, hapana.

Mkebe wa tano siku hizo ukapata kifuniko. Vumbi, mzee alisema.

Miaka mitatu ikapita. Nikaambiwa na wakubwa wangu nitayarishe somo la kujitawala kwa madereva, nami kwa uvivu nikaenda kuazima mikebe. Mzee hakuwepo. Nilishusha minne ya kwanza, nikaja kwa wa tano, na kwa utani tu nikabandua kifuniko kwa kijiko. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa nati moja kubwa, imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu. Nilipogeuka mzee alikuwa mlangoni.

"Hiyo ni ya lile lori," alisema.

Akakaa juu ya tairi akanieleza. Okiru alikuwa amefungua busta ya breki, lile kopo la chuma linalosukuma breki kwa upepo, na alikuwa anairudisha polepole kama kawaida yake. Dereva alikuwa forodhani, akapiga simu kwamba foleni inasonga. Mzee akamsukuma Okiru kando, akamtuma kwenye gari lingine, akafunga mwenyewe. Alipomaliza, nati moja ilikuwa imebaki juu ya gunia. Aliiona. Akajiambia ni ya zamani, ya kazi nyingine, maana yeye hawezi kusahau nati. Akaitia mfukoni.

"Kama ingekuwa Okiru amebakisha, ningemwambia afungue," alisema. "Nikajiona mimi si wa kufungua."

"Na mbona ulimnyoshea kidole?"

"Kidole kilinyoka chenyewe. Halafu kila siku inakuwa ngumu kukikunja."

Nikamuuliza atamwambia lini Okiru. Akasema kesho. Nikafunga mkebe, nikamwambia, kwa ile sauti yangu laini ya ofisini, kwamba alichoniambia kitabaki siri. Siri ya mteja. Nilitembea kurudi kliniki nimejaa weledi. Tatizo dogo ni kwamba hakuwa mteja wangu, hakuwahi kuwa, na sikuwa na faili yake. Nilikuwa jirani aliyejua kwamba mtu ng'ambo ya barabara hana hatia.

Kwa miaka miwili nilipita mbele ya kibanda cha Okiru nikienda kununua chai. "Yoga, Madam," alinisalimu, na mara mbili alinijazia upepo tairi ya baiskeli akakataa malipo. Nami nikaendelea kuwafundisha madereva jinsi ya kutambua hisia zao. Nilijiambia mambo ya mzee yatatatuliwa na mzee. Nilijiambia nina huruma kwa pande zote. Kwenye fomu yetu hakuna sehemu ya kuandika hayo.

Mwaka huu magoti ya mzee yalimshinda. Binti yake akaja kutoka Kisumu kumchukua, gereji ikafungwa, mikeka ikagawiwa. Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga, mnyenyekevu, viganja vimekutana kifuani, akanipa mikebe mitano ndani ya gunia. "Utafundishia," alisema.

Nilitikisa gunia. Ile nati ikagonga mkebe. Hasira yangu, kama nikitumia vipimo vya kazi yangu, ilikuwa tisa.

"Unaenda Kisumu na unaniachia mimi nati ya watu?" nilimpigia kelele, mlangoni kwa kliniki, chini ya MIMI NI MUHIMU, wateja wanne wakinitazama. "Miaka mitano unalisha watu dengu! Miaka mitano umeinama na ndoo! Umbali wa barabara tu, mzee! Umbali wa barabara!"

Nilidhani ataniuliza mwizi gani ameingia. Badala yake alitia mkono ndani ya gunia, akatoa mkebe wa tano, akageuka, akaanza kuvuka barabara. Katika miaka ile yote sikuwa nimemwona akivuka upande ule. Foleni ilikuwa imesimama. Alipita kati ya bampa mbili akiwa ameshikilia boneti ya moto kwa mkono mmoja, nami nikamfuata, kwa sababu magoti yake yalikuwa mabaya na kwa sababu nilitaka kuona.

Okiru alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakula. Mzee alivua viatu pembeni ya karai la maji kama anaingia mahali patakatifu, akakaa chini, chini kabisa kwenye changarawe, akaanza. Na alianza vibaya. Alianza na wezi watano. Alisema kiburi ndicho kilicho kigumu kuliko vyote, kwamba huvaa nguo za ucha Mungu, kwamba hata wakubwa wa dini yao walionya. Alisema vizuri sana. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mzee," Okiru alimkata, "mimi niko na pancha mbili zinangoja. Sema."

Mzee akafungua mkebe, akafungua kitambaa.

"Ilibaki," alisema. "Nilifunga mimi. Ikabaki. Sikufungua."

Okiru aliweka sahani chini. Aliichukua ile nati, akaigeuza, akaitazama nyuzi zake kwenye mwanga kama anavyotazamwa mgonjwa. Fundi ni fundi.

"Umeipaka mafuta," alisema.

"Kila mwezi."

"Miaka mitano umeitunza hii kuliko ulivyonitunza mimi."

Mzee alilia. Sitasema zaidi ya hapo. Nimewaona watu wengi wakilia kwa kazi yangu na huwa nawapa karatasi laini, lakini siku hiyo sikuwa na kitu mkononi. Okiru hakumgusa. Alisubiri mpaka ikaisha, kisha akamwonyesha kwa kidevu ile foleni ya malori.

"Mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Wao ndio hawajui. Waambie."

Basi mzee akainuka, peku, akaenda kwenye lori la kwanza, akagonga mlango. Dereva akashusha kioo. Akamwambia. Akaenda la pili. Wengi wa wale madereva hawakuwepo miaka mitano iliyopita na hawakuelewa mzee huyu analilia nini.

"Breki gani, ssebo?" Mganda mmoja aliuliza.

"Ya lori ya saruji. Ilikuwa mimi, haikuwa Okiru."

"Lakini mimi nimeanza hii kazi mwaka jana."

"Hata hivyo ujue."

Binti yake alisogeza gari mara tatu akimwita. Mzee aliendelea, lori moja moja, mpaka kilemba chake nikakiona kidogo tu kule kwenye kona, kikisimama, kikigonga, kikisogea. Nilimwambia Okiru inatosha sasa, magoti yake. Okiru alikuwa amerudia sahani yake.

"Bado kuna wa foleni ya jana," alisema.

Halafu akanitazama. Hakuwa na ukali. "Na wewe, Madam. Ulikuwa unajua?"

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga kama yalivyofundishwa: siri ya mteja, mipaka ya kazi, utayari wa mhusika. Okiru akasubiri kama alivyomsubiri mzee.

"Miaka miwili," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amekisia kipimo cha nati na akakipata. Ile nati akaitia mfukoni mwake. Mkebe mtupu akaupangusa kwa tambara, ndani na nje, akaninyoshea.

"Basi huu ni wako."

Lori la kwanza lililosimama kwa Okiru kwa ajili ya breki lilikuja siku ya tisa, na sasa ameajiri mafundi wawili. Mzee yuko Kisumu. Hupiga simu Jumapili kuuliza nani amepika. Mikebe minne naitumia kwenye masomo, na madereva wanaipenda kuliko fomu. Wa tano uko juu ya meza yangu ya ofisini. Wateja wakiniuliza ni wa nini, huwaambia ni wa kalamu.